Nimekaa na silikoni kifuani miaka kumi, sasa nataka kuzitoa. Waliopitia naomba mniongoze

MamaZai wa Tabata

Habari zenu wapendwa, wakubwa shikamooni. Jambo hili nimeliandika na kulifuta tangu Ramadhani. Leo naliweka lote.

Nina miaka 41, watoto wawili, nina fremu ya nguo za kike Kariakoo. Mei 2014 nilikwenda Istanbul kufuata mzigo kama nilivyozoea, na safari ile nikawekewa silikoni, mililita 325 kila upande, chini ya msuli. Hakuna mwanamume aliyenishawishi. Nilikuwa nimenyonyesha watoto wawili kwa kufuatana, kifua kimelala, na mimi ndiye ninayevaa nguo wateja waone zinavyokaa. Nilipenda nilivyotoka, na kwa miaka saba nane nilifurahi bila kujuta. Nalisema mapema ili tusianze na habari za kutoridhika na alichonipa Mungu. Hapo nimeshajisemesha mwenyewe vya kutosha.

Miaka miwili iliyopita titi la kushoto lilianza kukaza. Sasa ukiligusa ni kama chungwa bichi, limepanda juu kuliko mwenzake, na nikilalia ubavu huo naamka usiku kwa maumivu. Mwanangu wa pili, Idi, ana miaka kumi na moja na bado ni mtoto wa kukumbatia. Akitoka shule ananivamia kifuani, najikuta namsukuma. Juzi aliniuliza, "Mama, umenikasirikia?" Hapo ndipo nilipoamua kuandika.

Halafu kuna haya mengine ambayo sijui kama yanahusiana. Uchovu usioisha hata nikilala kwa saa tisa. Asubuhi vidole vimekaza, kufungua kufuli la fremu ni kazi. Nywele za mbele zinanyonyoka. Mteja ananitajia saizi, nikifika kwenye shelfu nimeshasahau.

Nilikwenda hospitali moja hapa mjini. Daktari niliyemkuta aliangalia kidogo akasema silikoni ni za maisha, kama hazijapasuka niziache. Hakuagiza kipimo hata kimoja. Rafiki akaniingiza kwenye kundi la WhatsApp, kule wanasema nizitoe haraka, na lazima zitoke na utando wake wote bila kukatwa popote, la sivyo sumu inabaki na sitapona kamwe. Mama mmoja humo anauza dawa ya kusafisha silikoni mwilini, chupa shilingi elfu themanini, na ni lazima uchukue sita.

Kwa hiyo nauliza waliopitia: mliamuaje? Utando ni lazima utoke wote? Kifua kinabakije? Na kupona kukoje hasa, siku kwa siku, kwa mtu mwenye nyumba na biashara? Baba Zai anasema mwili ni wako, amua. Lakini namwona anaogopa nisipigwe nusu kaputi nikashindwa kuamka.

Nesi wa Thieta, Moshi

Pole sana mama Zai. Mimi ni nesi wa chumba cha upasuaji, mwaka wa kumi na nne huu. Sikuoni, kwa hiyo yachukue haya kama ya kwenda nayo kwa daktari, yasikae mahali pake.

Kwanza, silikoni si za maisha. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani, FDA, ililisema hilo wazi, na Oktoba 2021 ikaamuru kila pakiti iwekewe onyo zito na mgonjwa asomewe orodha ya hatari kabla ya kutia saini. Kadiri miaka inavyosogea ndivyo uwezekano wa kufanyiwa upasuaji mwingine unavyoongezeka. Silikoni ya jeli ikipasuka, mara nyingi hutahisi chochote, kwa sababu jeli ni nzito na inabaki ndani ya utando. Ndiyo maana wanashauri kipimo cha altrasaundi au MRI miaka mitano hadi sita baada ya kuwekewa, kisha kila miaka miwili au mitatu. Wewe una kumi na hujapima hata mara moja. Anzia hapo.

Huo ugumu, maelezo yake ni haya. Kitu chochote cha kigeni kikiingia mwilini, mwili unakizungushia utando wa kovu. Kila mwenye silikoni anao, na kwa wengi ni laini, hawaujui. Kwa wengine unasinyaa na kukaza, unaiminya silikoni mpaka inakuwa duara gumu na kupanda juu. Madaktari wanaupima kwa ngazi nne, ya nne ndiyo yenye maumivu. Kwa unavyoeleza, hauko kwenye ngazi ya kwanza wala ya pili.

Tafuta kadi uliyopewa Istanbul. Ina jina la kampuni, namba na aina. Unachotafuta ni kama uso wa silikoni ni laini au una mikwaruzo. Julai 2019 FDA iliitaka kampuni ya Allergan iondoe sokoni duniani kote zile za BIOCELL zenye mikwaruzo, kwa sababu zilihusishwa na saratani adimu ya limfu inayoota kwenye utando. Ni adimu kweli, na waliokuwa nazo bila dalili hawakuambiwa wakimbilie kuzitoa. Lakini titi likivimba ghafla kwa maji, mwaka au zaidi baada ya kuwekewa, maji hayo lazima yachukuliwe yapelekwe maabara. Wasiyavute na kuyamwaga.

La pili nakusihi, uchovu, vidole na nywele usivipachike kwenye silikoni kabla ya kupima. Pima wingi wa damu, madini ya chuma, tezi ya shingo, sukari, na vipimo vya baridi yabisi. Wapo wanawake wengi wanaoeleza hali kama yako na wakapata nafuu baada ya kutolewa, siwapingi hata kidogo, nimewaona. Lakini hakuna kipimo kimoja cha kusema "hii ni silikoni". Nimewaona pia waliotolewa, na kumbe tatizo lilikuwa tezi.

Na kabla hujalipa hata senti, jina la daktari lihakikishe Baraza la Madaktari Tanganyika, au kwa Kenya kule KMPDC, ujue kama kweli ni mtaalamu wa upasuaji rekebishi. Muhimbili wapo. Hizo chupa sita usinunue. Hakuna dawa ya kunywa inayotoa silikoni mwilini, na usipomwambia daktari kwamba unakunywa mitishamba, inaweza kukuletea shida ya kutoka damu mezani.

Mwanaisha, Kisauni

Mama Zai mdogo wangu, zangu zilitolewa Nairobi Februari 2021 nikiwa na miaka 47. Nilikaa nazo miaka kumi na miwili. Nitakueleza yote kwa sababu mimi sikuwa na wa kunieleza.

Nesi amesema kweli kuhusu kipimo. Mimi la kulia ndilo lililokuwa likiniuma, la kushoto limetulia tuli, laini, zuri. Nilipopigwa altrasaundi yule binti aliyeshika kifaa akanyamaza upande wa kushoto, akarudia, akamwita mkubwa wake. Wakanionyesha kwenye kioo mahali panapofanana na ukungu mweupe. Lile lililotulia ndilo lililokuwa limepasuka. MRI ikathibitisha. Ningesikiliza maumivu peke yake ningetoa moja nikaacha bovu ndani. Na ripoti ile ndiyo iliyonisaidia kwa bima, maana kwanza walikataa wakasema ni urembo. Walipoona imeandikwa imepasuka, wakakubali sehemu. Kwa hiyo karatasi zote ziweke.

Kuamua kulinichukua miezi minne. Sikuogopa kisu, niliogopa kioo. Daktari wangu alikuwa mtu mzima, mpole, akaniambia, "Mama, leta kiti, tuzungumze utakavyokuwa, si unavyotaka kuwa." Akanitolea picha za wanawake wa umri wangu, walioruhusu uso usionekane, mwezi wa kwanza, wa tatu, mwaka. Nyingine hazikuwa nzuri na hakuzificha. Akasema ngozi iliyonyooshwa miaka kumi na miwili haitarudi kwa siku moja, kifua kitakuwa bapa juu na kulegea chini, kisha miezi mitatu hadi sita kitajikusanya kiasi chake. Akaniuliza kama nataka kuinuliwa matiti hapo hapo. Wengine hufanya kwa pamoja na ni sawa, unapona mara moja. Mimi nilisema nisubiri nione mwili wangu wenyewe ulivyo. Baada ya mwaka sikuona haja tena. Lakini hiyo ni mimi.

Habari ya utando. Nami niliingia na hilo neno la "wote bila kukatwa" kama hirizi. Akanichorea mbavu kwenye karatasi. Akasema silikoni iliyo chini ya msuli, ukuta wa nyuma wa utando unashikana na mbavu, na nyuma ya mbavu kuna mapafu. Kukwangua kila kitu kwa nguvu kunaweza kutoboa pafu, damu ikawa nyingi, yote kwa faida ambayo haipo. Ikiwa ni ile saratani ya utando, hapo ndiyo, unatoka wote bila mjadala. Ikiwa si hivyo, anatoa unaotoka salama. Baadaye nilisoma utafiti wa Marekani wa 2022 uliolinganisha waliotolewa utando wote bila kukatwa, waliotolewa wote kwa vipande, na waliotolewa sehemu yake tu, na nafuu ya dalili ilipatikana bila kutegemea kiasi gani kimetolewa. Mimi kushoto palipopasuka alitoa wote, kulia akaacha kipande chembamba nyuma. Aliyaandika hayo kwenye fomu kabla sijatia saini, nawe dai yaandikwe. Na dai utando upelekwe maabara, matokeo uyashike mkononi. Yangu yalikuwa salama.

Sasa nyumbani, ndiko nilikosema laiti ningeambiwa.

Siku mbili kabla, suka nywele mistari. Hutainua mikono kujichana kwa wiki mbili na zaidi. Dera na buibui la kuvaa kwa kichwa viweke kando. Tafuta la kufungua mbele, au mashati ya mumeo. Daktari atakuambia dawa gani uache wiki moja mbili kabla, aspirini, diklofenaki na ndugu zake, na kama unavuta hata shisha uache mapema, maana kidonda kinachelewa.

Upasuaji ulichukua saa tatu hivi. Niliamka nahisi kifua chepesi mpaka nikaogopa. Wewe unajua ukitua ndoo kichwani, shingo inavyotaka kupaa? Ndivyo. Maumivu yalikuwepo lakini hayakufikia ya kuwekewa.

Kila upande nilitoka na mpira mwembamba wa kutolea maji, hospitali wanauita dreni, mwishoni una kibuyu cha plastiki chenye ukubwa wa limau kubwa. Unakiminya kikavuta. Kibuyu hicho kikining'inia kinavuta ngozi pale kilipotokea, uchungu wake utaujua. Mpwa wangu alichukua kanga kuukuu akanishonea mkanda wenye mifuko miwili, nikajifunga kiunoni, vibuyu vikakaa humo. Asubuhi na jioni tulimimina kwenye kikombe cha dawa ya mtoto chenye alama za mililita na kuandika kwenye daftari. Siku ya kwanza kushoto 80, mekundu kama maji ya rozela. Kisha 55, 48, 35, rangi ikaanza kufifia kuelekea ya chai ya rangi nyepesi. Yakishuka chini ya mililita 30 kwa siku nzima, siku mbili mfululizo, wanautoa. Wa kulia ulitoka siku ya sita, wa kushoto siku ya kumi. Unavuta pumzi, unatoa, tayari.

Wiki sita hakuna kukuna nazi, hakuna kubeba ndoo, hakuna kusukuma mlango mzito kwa kifua. Wiki mbili za mwanzo hata birika lililojaa usilinyanyue. Lakini tembea, tangu siku ile ile, zunguka nyumba, damu isigande miguuni. Kulala ni chali, mito mitatu mgongoni na mmoja chini ya kila mkono. Sidiria ya kubana usiku na mchana, nilikuwa nazo mbili, moja mwilini moja kambani. Udhu nilitiliwa maji na mpwa wangu, na swala niliswali kitini, kwa sababu ukisujudu unainuka kwa mikono, na mikono ndiyo iliyofungiwa kazi.

Siku ya tano bendeji ilibadilishwa na nikaomba nione. Ngozi ilikuwa na mikunjo midogo midogo kama kitambaa cha pazia kilichovutwa uzi, rangi ya zambarau pembeni, chuchu imeingia ndani upande mmoja. Nililia pale kitandani. Wiki ya pili nililia kila jioni, ingawa sikujuta. Daktari alisema wengi hupita hapo, uchovu wa dawa, usingizi wa kukatika, na mwili mgeni. Wiki ya tano chuchu ilitoka yenyewe. Mwezi wa nne nilinunua sidiria ndogo sokoni Marikiti, nikasimama nayo mkononi muda mrefu, nikaona ni yangu.

Kilichoondoka ni ule ugumu na maumivu, siku ile ile. Vidole vililegea taratibu, kama miezi mitatu. Uchovu haukuondoka. Nilirudi kupima, ikawa tezi, nameza kidonge kimoja kila asubuhi hadi leo. Na kovu la kulia lilivimba, maana mimi nina ngozi ya keloidi, hata sikio nilipotoga liliota. Sikumwambia daktari mapema, kosa langu. Lilichomwa sindano mara tatu, kati ya moja na nyingine mwezi, likalala. Wewe kama una kovu lolote lililowahi kuvimba, mwonyeshe kabla.

Tatu wa Mwanza

Naongeza moja. Mimi nilikatwa titi kwa saratani, nikawekewa silikoni India, halafu mionzi ikalikausha likawa jiwe. Mionzi inafanya hivyo kwa wengi. Nilipotolewa nilibaki bapa upande mmoja na sikutaka kujengwa tena. Natumia kimfuko cha kitambaa nilichoshona mwenyewe, ndani mtama, kwenye sidiria. Mtama una uzito, bega halipandi. Siku ya kufua namwaga mtama kwanza. Miaka mitano sasa, harusi naenda, mchana naogelea ziwani na binti zangu. Mama Zai, mtu akikuambia mwanamke lazima ajazwe tena baada ya kutolewa, mwambie uamuzi huo una mwenyewe.

Babu Seif, Ilala

Naandika kwa ajili ya Baba Zai. Mke wangu alifanyiwa upasuaji huu miaka mitatu iliyopita na nilikuwa na hofu hiyo hiyo ya nusu kaputi. Nilichofanya ni kuomba kukutana na daktari wa dawa ya usingizi siku moja kabla. Akanieleza vipimo vya moyo na damu, kwa nini asile saa sita kabla, na kwamba yeye haondoki pale kichwani mpaka mgonjwa aamke. Nikatulia. Nyumbani nikapewa kazi ya dreni. Mikono sabuni kwanza, fungua, mimina, soma, minya, funga, andika. Nilijua kila siku kwamba anaendelea vizuri kwa sababu namba niliisoma kwa macho yangu. Mama Zai, kazi hiyo mwachie Baba Zai, usimpe dada wa kazi. Na jueni dalili za kurudi hospitali usiku huo huo: homa ya 38 au zaidi, upande mmoja kuvimba ghafla, usaha, wekundu unaotambaa, kifua kubana au pumzi kuwa fupi, au mguu mmoja kuvimba na kuuma nyuma ya goti.

MamaZai wa Tabata

Asanteni jamani. Sikutegemea.

Nimefanya mlivyosema. Kadi nimeiona kwenye sanduku la marehemu mama, silikoni zangu ni za uso laini. Altrasaundi na MRI: hazijapasuka, ila utando wa kushoto ni mnene na umekaza, daktari mpya amesema ni ngazi ya nne. Damu ndiyo imenishangaza, nina 8.9. Daktari mpya amesema hatanigusa kwa damu hiyo, nimepewa dawa ya chuma na kutafutwa inakopotelea, tumeanza na hedhi yangu ambayo ni nzito na niliizoea. Wiki ya tano ya dawa, hata kabla ya kutolewa kitu, napanda ngazi za Kariakoo bila kusimama katikati. Nesi, ulijua.

Hivyo sitoi tena kwa ajili ya uchovu. Natoa kwa sababu ya titi lile na usingizi wangu na Idi. Nimekubaliana na daktari yatoke yote mawili, sijazwi, siinuliwi kwa sasa. Swali langu kwa dada Mwanaisha: fremu niifunge muda gani? Nina msichana mmoja wa kunisaidia, mwaminifu, lakini hajui bei za jumla.

Mwanaisha, Kisauni

Mshukuru Mungu kwa hiyo damu kuonekana kabla.

Fremu usiifunge, jifunge wewe. Wiki mbili kamili usitoke kwenda dukani, hata ukijiona mzima. Siku ya nane tisa utajiona mzima na ndiyo siku ya hatari, mtu ananyanyua robota moja tu, kesho yake titi limejaa maji. Wiki ya tatu kaa kitini, uza kwa mdomo, nguo za juu ashushe msichana. Bei ziandike zote kwenye daftari sasa hivi. Gari usiendeshe mpaka uweze kukata usukani kwa haraka bila kushtuka kifuani, na mkanda wa gari uwekee mto mdogo katikati. Daladala usipande mwezi mzima, kiwiko kimoja cha mtu kinatosha kukurudisha thieta.

Na mwambie Idi kabla. Watoto wakiona bendeji wanafikiri umekufa nusu.

MamaZai wa Tabata

Ni siku ya tisa leo. Naandika kwa kidole kimoja, mito minne mgongoni, shati la Baba Zai mwilini.

Damu ilipanda mpaka 11.6 wakakubali. Nilikuwa ndani kwa saa mbili na nusu. Daktari alitoa utando wote wa kushoto, wa kulia akaacha nyuma kama alivyoandika kwenye fomu, na vyote viko maabara, majibu wiki ijayo. Niliomba kuziona. Zilikuwa kwenye bakuli la chuma, ya kulia wazi kama maji ya madafu, ya kushoto imegeuka manjano. Nilizishika zote mbili kwa dakika moja hivi, nikamrudishia nesi.

Kioo nimeangalia jana. Dada Mwanaisha, ile mikunjo uliyoisema ipo. Nililia kidogo, Baba Zai akakaa kimya kando yangu, hakusema neno lolote la kunibembeleza, na nilimshukuru kwa hilo.

Dreni anazimimina yeye. Daftari anashika Zai, ana miaka kumi na minne, amechora mistari kwa rula na safu mbili, kulia na kushoto. Wa kulia umetoka juzi. Wa kushoto: 70, 64, 50, 41, 38, 33, 28, 24. Saa nne asubuhi wananitoa.

Idi nilimweleza kabla, kama ulivyosema. Tangu nirudi anakuja kitandani kutokea upande wa miguu, anaulalia mguu wangu, anauliza siku zimebaki ngapi. Daktari amesema wiki sita. Amezihesabu kwenye kalenda ya ukutani na kuweka duara.